Pombe ya Siku Tatu: Faida ya Kilabu Sumbawanga Iko Wapi?

Wiki hii ukurasa wetu unaweka kando bei za mahindi na mbolea na kuingia kilabuni. Mfanyabiashara mdogo wa Sumbawanga mwenye akiba mkononi huona jambo moja kila jioni: vilabu vya Majengo, Chanji na Katandala vina watu hata katika wiki ambayo maduka ya nguo hayana mteja. Hapo humjia swali: je, baa ndogo ya mtaani, yenye kinywaji kisicho cha kiwandani na vitafunwa vya sahani ndogo, ni mahali pazuri pa kuweka mtaji?

Jibu ni kwamba biashara hiyo inalipa, lakini wengi wanaoingia humo hupoteza fedha kwa sababu wanaitazama faida mahali isipokuwepo. Wanatazama kikombe, wakati kitu kinachouzwa hasa ni siku. Makala hii inaeleza hesabu yake ilivyo, ili msomaji aamue mwenyewe kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza.

KINYWAJI KILICHO HAI

Huko Ulaya kuna biashara inayofanana na hii. Tangu miaka ya 1980, wakulima wachache wa mkoa wa Beaujolais nchini Ufaransa, akiwemo Marcel Lapierre, walianza kutengeneza mvinyo kwa njia ya zamani. Juisi ya zabibu inaachwa ichachuke kwa hamira yake yenyewe, haichujwi sana, na haitiwi dawa ya salfa ya kuhifadhi, au inatiwa kidogo tu. Mvinyo huo wa asilia uliuzwa kwanza katika baa ndogo za mitaani, pamoja na sahani ndogo za jibini, nyama na samaki. Mwaka 2020 Ufaransa ilikubali rasmi alama ya kuutambulisha. Leo baa za namna hiyo zipo Paris, London na New York.

Mfanyabiashara wa Ufipa hana haja ya kusafiri ili aielewe biashara hiyo. Pombe ya ulezi inayopikwa uwandani kwetu hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo: nafaka, maji, hamira inayotokana na kimea chenyewe, na hakuna dawa ya kuhifadhi. Haichujwi ikawa maji meupe wala haichemshwi baada ya kuchachuka. Kwa hiyo inapowekwa mbele ya mteja bado iko hai, na inaendelea kubadilika ndani ya pipa. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa imechacha.

Bia ya chupa inaweza kumsubiri mteja miezi kadhaa dukani. Pombe ya kienyeji haimsubiri mtu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na hesabu zote zinazofuata zinatokana nayo.

SAFARI YA ULEZI

Ili kuona fedha inakwama wapi, tufuate ulezi tangu ghalani.

Ulezi wa Ufipa huvunwa baada ya mvua kwisha, wakati nafaka inapokuwa tele na bei iko chini. Sifa yake kubwa kibiashara ni kwamba hauliwi na wadudu upesi kama mahindi. Punje zake ni ndogo sana na ngumu, na ukikaushwa vizuri unaweza kukaa ghalani miaka kadhaa bila kuharibika. Kwa lugha ya soko, ulezi ni mali yenye siku nyingi.

Mpika pombe anapoununua, kwanza anauloweka, kisha anaufunika uote. Ukishaota anauanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo unasagwa kuwa kimea. Kimea kikavu nacho kinaweza kukaa. Siku zinaanza kuhesabika pale kimea kinapochanganywa na uji wa mahindi au wa ulezi na kuachwa kichachuke. Kuanzia kuloweka hadi kunywewa, kazi yote inaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Kwa kuwa Sumbawanga iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali na pombe huchelewa kuiva. Mpika pombe mzoefu anaanza mapema zaidi msimu huo. Asiye mzoefu hujikuta ametangaza pombe Jumamosi nayo inaiva Jumatatu, wateja wakiwa wamerudi makazini.

Wazee wa eneo hili walikuwa na dawa ya tatizo hilo. Kimpumu, kinachojulikana pia kwa majirani zetu wa Mbeya na wa upande wa Zambia, huhifadhiwa kikiwa kizito kama kande. Mteja akifika anatiliwa maji ya moto na kunywa kwa mrija. Kwa kuwa maji yanaongezwa wakati wa kuuza tu, kimpumu hudumu muda mrefu kuliko pombe ya kikombe. Huo ni ujuzi wa biashara hasa: usiifanye mali yako iwe na siku chache kabla mnunuzi hajasimama mbele yako.

HESABU YA PIPA

Sasa tuje kwenye namba. Namba hizi ni za mfano tu na si bei za soko, kwa hiyo tutahesabu kwa vikombe badala ya shilingi. Msomaji aweke bei ya mtaa wake mwenyewe.

Tuchukulie pipa moja la lita 200. Kwa kikombe cha nusu lita, hivyo ni vikombe 400. Tuseme gharama zote, yaani ulezi, mahindi, kusaga, kuni, maji, pango na ushuru, zinalingana na mauzo ya vikombe 300. Vikombe 100 vinavyobaki ndivyo faida, na kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza.

Lakini siku ya tatu vikombe 60 havijauzwa, na pombe imechacha. Mwenye pipa anasema amepoteza asilimia 15 tu ya pombe yake. Si kweli. Gharama zilishalipwa zote, hivyo vikombe 60 vinatoka kwenye faida peke yake. Faida iliyokuwa 100 imebaki 40. Pombe iliyomwagika ni asilimia 15, lakini faida iliyomwagika ni asilimia 60.

Hapo wengi hukosea dawa. Husema wateja ni wachache, wakatafuta redio kubwa na taa za rangi. Ukweli mara nyingi ni kwamba wateja wapo wiki nzima, lakini pombe nzuri haipo wiki nzima. Anayekuja Alhamisi anakuta ya Jumapili. Anaonja, anakunja uso, anaenda kwa jirani.

Tufanye mfano wa pili. Mpika pombe yuleyule anapika mapipa mawili ya nusu, moja mwanzo wa wiki na jingine katikati. Kuni na kazi hazipungui nusu, kwa hiyo gharama inapanda kidogo: tuseme vikombe 165 kwa kila pishi, jumla 330. Lakini kila pishi linauzwa likiwa bado tamu, na vikombe vyote 400 vinatoka. Faida ni 70. Amelipa zaidi kwa kuni na bado amepata zaidi ya yule wa pipa moja aliyebaki na 40.

Njia nyingine ni kupunguza bei mapema. Vikombe 60 vilivyodorora vikiuzwa siku ya pili jioni kwa nusu bei, vinarudisha thamani ya vikombe 30, na faida inakuwa 70 badala ya 40. Anayesubiri hadi siku ya tatu ili asishushe bei anailinda bei na kuipoteza mali. Wauza nyanya sokoni wanalijua hilo tangu zamani.

CHUPA YA DODOMA

Wapo wanaofikiri kwamba njia ya kukwepa shida hii ni kufungua baa ya mvinyo, yenye viti vizuri na mvinyo wa Dodoma. Wazo si baya. Zabibu zimelimwa Dodoma tangu miaka ya 1950 zilipoletwa na wamisionari, na mkoa ule una bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wa chupa unafika Rukwa kwa barabara, na tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ijengwe kwa fedha za mfuko wa Marekani wa MCC, safari hiyo si adhabu tena kama zamani.

Hata hivyo, sheria ya siku inakufuata hadi kwenye chupa. Chupa iliyofungwa inasubiri. Chupa iliyofunguliwa haisubiri. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Tuseme gharama ya chupa, pamoja na pango na mhudumu, inalingana na glasi tatu. Faida ni glasi mbili. Mteja mmoja akinywa glasi tatu akaondoka, na mwingine asitokee siku mbili tatu zinazofuata, glasi mbili zilizobaki zinageuka siki na faida yote imekwenda nazo. Ukiwa na aina sita za mvinyo zote zimefunguliwa, hasara hiyo inajirudia mara sita. Mvinyo usiotiwa dawa ya kuhifadhi, kama ule wa asilia tuliouzungumzia, ungeharibika upesi zaidi, tena ungeumia kwa joto ndani ya lori.

Kwa hiyo, anayetaka kuuza mvinyo Sumbawanga aanze na aina mbili tu, auze glasi kwa aina moja na chupa nzima kwa nyingine, na ajue kwamba wanunuzi wa chupa nzima ni wa arusi, ubatizo na mwisho wa mwezi.

Dodoma yenyewe ina somo kubwa zaidi kwa wawekezaji. Zabibu mbichi ni mali ya siku chache, na mkulima asiye na mnunuzi wakati wa mavuno huuza kwa bei yoyote. Kiwanda cha umma cha Dowico kilipofifia, wakulima wengi waliipata adha hiyo. Baadaye vilikuja viwanda binafsi kama Cetawico ya Hombolo, na wakulima wenyewe wakaanza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi ili wauze kwa viwanda baadaye. Mwenye tangi anaweza kusubiri bei. Mwenye tenga la zabibu hawezi. Faida ilihamia kwa yule aliyeweza kurefusha siku.

SAHANI NDOGO HAZICHACHI

Tukirudi kilabuni, kuna sehemu ambayo wawekezaji wengi huidharau, nayo ni jiko la mlangoni. Kwenye vilabu vingi mwenye kinywaji si mwenye chakula. Mchoma nyama ana kona yake, mama wa dagaa ana kikaango chake, na mwenye karanga anapita na sinia.

Mtaji wa mwenye dagaa ni mdogo, lakini angalia siku zake. Dagaa wakavu na migebuka waliobanikwa kutoka Kasanga, Kipili na Kirando wanakaa wiki kadhaa. Karanga zinakaa miezi. Jioni ikiwa na wateja wachache, anakaanga kidogo na kuondoka na mali yake. Nyama mbichi ndiyo inayofanana na pombe, nayo inunuliwe kwa siku moja tu. Zaidi ya hayo, mteja anayekula anakaa muda mrefu, halewi upesi, na anarudi nyumbani akiwa na akili zake. Mwenye kilabu anayeona jiko kama mshindani wake hajaielewa biashara yake.

Mwenye jengo ananufaika kwa njia nyingine pia. Pango la kona ya jiko linalipwa hata kama pombe imechacha. Ni mapato yasiyoharibika.

Tahadhari moja: samaki wana msimu wa serikali pia. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Aliyekuwa na magunia ya dagaa stoo alifungua kipindi hicho akiwa mtulivu. Asiyekuwa nayo alitegemea samaki wa Ziwa Rukwa, au alibadili sahani akaweka maharage na utumbo. Panga sahani zako ukijua jambo kama hilo linaweza kujirudia.

NANI ABEBE HASARA?

Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote katika makala hii. Mara nyingi mpika pombe ni mama asiye na mtaji wa kutosha. Anachukua ulezi kwa mfanyabiashara kwa mali kauli: nafaka leo, fedha baada ya pombe kuuzwa. Mfanyabiashara anaandika deni kwa bei anayoitaka yeye, na deni halijali kama mvua ilinyesha Jumamosi na watu hawakutoka.

Tazama upya hesabu ya pipa. Vikombe 60 vinapochacha, mwenye ulezi analipwa chote. Hasara yote inabaki kwa aliyepika. Ikitokea mara mbili mfululizo, anafanya mojawapo ya mambo matatu: anaongeza maji, anapika kwa mahindi mabovu yaliyo rahisi, au pombe iliyochacha inapelekwa kwenye mtambo wa gongo, jambo ambalo bila leseni ni kosa la jinai.

Yote matatu yanamrudia mfanyabiashara. La pili ni la hatari kabisa. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wachunguzi waligundua kwamba sumu ilitokana na bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Hakuna aliyekusudia kuua. Unga uliopaswa kutupwa uliingia kwenye pipa. Unga ulioingia maji au kuota ukungu hautakaswi kwa kupikwa pombe, na hakuna faida inayoweza kulipia msiba wa namna hiyo.

Kwa hiyo mkataba mzuri ni ule unaogawana siku. Mfano: mwenye ulezi alipwe nusu kwa bei ya kudumu, na nusu kwa mgawo wa mauzo halisi. Pishi likiuzika vizuri anapata zaidi kuliko bei ya gunia. Likidorora, anapata kidogo pamoja na aliyepika. Mwekezaji wa namna hii atakuwa na sababu ya kuleta nafaka safi, kutopika kupita kiasi, na kuja mwenyewe kilabuni kuona hali. Aliyekopesha gunia akakaa nyumbani hana sababu hizo.

UNAPOKWENDA KUKAGUA

Usitoe fedha kwa kilabu ambacho hujakitembelea mara tatu: siku ya kazi, siku ya mwisho wa wiki, na siku ya tatu ya pishi. Keti kama mteja. Agiza kikombe na sahani ndogo ya dagaa, kisha muulize mhudumu kwa heshima: "Mama, hii ni ya lini?" Mahali pazuri utajibiwa mara moja kwa siku na saa. Mahali ambapo jibu ni "Kunywa tu baba, ni nzuri", kuwa mwangalifu.

Tazama maji yanatoka wapi na vikombe vinaoshwaje. Tazama leseni. Biashara ya vileo inatawaliwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na Halmashauri ya Manispaa ndiyo mlango wako wa kwanza, pamoja na Bwana Afya. Wapo waliodhani serikali haiwezi kuigusa bidhaa inayouzika sana. Machi 2017 viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchi nzima, na waliojaza maghala walibaki na mali isiyouzika. Usinunue biashara ambayo uhai wake ni kuvumiliwa tu.

Mwisho, tazama ukutani. Ukiona alama za chaki za madeni zinaongezeka wakati wa mavuno, jua kwamba fedha ya mahindi haijafika mikononi mwa watu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anapochelewa kulipa wakulima, au wanunuzi binafsi wanapokaa pembeni, kilabu huhisi kabla ya duka la bati na saruji. Ndiyo maana hata asiyekunywa anafaidika kupita hapo na kuangalia.

KWA UFUPI

Mwenye mtaji mdogo anunue ulezi mkavu wakati wa mavuno na auweke. Mwenye ujuzi wa kupika atengeneze kimea kikavu na auzie wapika pombe wengine. Mwenye jengo akodishe kona ya jiko kabla hajanunua pipa la pili. Anayetaka kuuza pombe yenyewe apike kidogo mara nyingi, ashushe bei siku ya pili, na agawane hasara na mama anayepika. Na anayetaka mvinyo wa Dodoma aanze na chupa chache.

Pipa kubwa lililojaa hadi juu linavutia macho ya mwekezaji. Kabla hujaliweka katika hesabu ya mali zako, uliza limebakiza siku ngapi.